Kiti cha Mkuu wa Miungu

Mwandishi anayekusudia kutunga riwaya ya ulimwengu usiokuwapo, wenye majoka, bahari zisizo ramani na wafalme waliozikwa pamoja na panga zao, hufikia mapema swali moja zito. Milima keshaiinua, lugha mbili tatu keshazizua. Lakini watu wa dunia hiyo wataapa kwa jina la nani, na wakizikana watamwomba nani? Hapo ndipo wengi hufungua vitabu vya visasili vya mataifa na kuanza kuchagua, mithili ya mtu achaguaye samaki mnadani: Zeus wa Wagiriki kwa radi yake, Odin wa watu wa Kaskazini kwa jicho lake moja, Ra wa Misri kwa jua lake, Marduk wa Babeli kwa upinde na wavu.

Radi, jua na jicho, hata hivyo, ni mavazi tu. Kinachomtambulisha mkuu wa miungu ni namna alivyokipata kiti na hofu aliyonayo ya kukipoteza. Zeus alimpindua baba yake, kisha akaipata mbingu kwa kupigiana kura na ndugu zake wawili. Na baadaye akammeza mkewe Metis, kwa kuchelea kuzaliwa mwana atakayemtenda yeye alivyomtenda baba. Odin alilitoa jicho lake ili apate kunywa katika kisima cha hekima, na anajua kwamba mwisho wake ni tumbo la mbwa mwitu. Ra naye alizeeka akatokwa na udenda. Isis akauchanganya udenda ule na udongo, akafinyanga nyoka, nyoka akamwuma mzee, na uchungu ulipomzidi ikambidi amtajie Isis jina lake la siri.

Kisa cha Marduk kinastahili kutazamwa kwa utulivu. Katika utenzi wa Wababeli uitwao Enuma Elish, ulioandikwa juu ya vibao saba vya udongo, miungu wazee wanamwogopa Tiamat, mama wa maji ya chumvi, wala hapana anayethubutu kumkabili. Marduk, kijana wao, anakubali kwa sharti: neno lake ndilo liwe neno. Miungu wanaketi karamuni, wanakula mkate na kunywa pombe hata hofu inawatoka, ndipo wanapompa ufalme. Baada ya ushindi wanamtukuza kwa majina 50. Utenzi huo ulikuwa ukisomwa katika sikukuu ya mwaka mpya mjini Babeli. Na Waashuri walipotaka kuutumia, waliliondoa jina la Marduk wakaliweka la Ashur, mungu wa mji wao. Mwandishi amwazimaye Marduk kwa ajili ya upinde wake tu anaiacha nyuma karamu ile ya wazee wenye hofu, wanaokabidhi amri yao baina ya kikombe na kikombe. Na ni karamu hiyo, si vita, inayoweza kuibeba riwaya nzima.

Lakini kwa msomaji wa pwani, ambaye dini yake haina mzaha na neno ushirikina, swali lililo zito zaidi ni jingine. Je, aaminiye Mungu mmoja anaweza kuwaandika miungu wengi bila ya kuwaabudu, na bila ya kuwadhihaki? Jibu moja limekwisha kutolewa, nalo lilitolewa mbali sana na bahari hii.

Snorri Sturluson alizaliwa Iceland mwaka 1179, katika nchi iliyokuwa imeupokea Ukristo karibu mwaka 1000. Alikuwa mtu wa sheria na siasa, tajiri, na Mkristo kama jirani zake. Pia alikuwa mshairi, na aliona jambo la kusikitisha: vijana walikuwa hawaelewi tena mashairi ya babu zao. Washairi wa zamani hawakusema dhahabu wakasema dhahabu. Walisema nywele za Sif, au machozi ya Freyja. Asiyejua kwamba Loki alimnyoa Sif, na kwamba ikabidi atengenezewe nywele mpya za dhahabu, alibaki ameduwaa mbele ya ubeti. Kwa hiyo, mnamo mwaka 1220, Snorri akaanza kuandika kitabu kijulikanacho kwa jina la Edda, ili kuwafundisha vijana usanii wa ushairi. Na ili kufundisha ushairi, ilimlazimu asimulie habari za miungu.

Mpenzi wa mashairi ya Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi. Anajua ilivyo kusoma utenzi wa kale wa Lamu au Pate akakutana na neno ambalo hata wazee wanalibishania.

Snorri alijilinda. Katika dibaji alieleza kwamba hao waitwao miungu walikuwa watu, wakuu waliotoka Troja, na ya kwamba wajinga wa Kaskazini waliwadhania kuwa miungu kwa ajili ya uzuri na maarifa yao. Kisha, baada ya kusema hivyo, akawasimulia kwa mapenzi yasiyofichika: Thor akivuta uvuvini joka liizungukalo dunia, Baldr akiuawa kwa tawi dogo mno lililoachwa bila kuapishwa. Dibaji ile yumkini ilikuwa imani yake hasa, yumkini ilikuwa ngao. Aghalabu vitu viwili hivyo hukaa katika kifua kimoja. Snorri aliuawa nyumbani kwake Reykholt mwaka 1241, kwa sababu za siasa wala si za Odin. Sehemu kubwa ya yale ayajuayo mwandishi wa leo juu ya Odin inatoka katika kalamu ya mtu asiyemwamini Odin.

Tolkien, Mkatoliki na msomaji hodari wa maandishi hayo, alichukua humo majina ya vibeti wake na hata jina la Gandalf. Kiti cha juu hakumpa Odin. Katika The Silmarillion, iliyotoka mwaka 1977, miaka minne baada ya kifo chake, kuna Mmoja tu, Eru, anayewapa viumbe wake wa kwanza wimbo wauimbe, na chini yake wako watumishi wenye enzi zao. Odin hakutupwa nje: alivuliwa uungu, akapewa fimbo, kofia na njia ndefu, maana Tolkien mwenyewe aliandika katika barua kwamba Gandalf humjia kama msafiri wa mfano wa Odin. Hapa pana fundisho la ufundi, pengine kubwa kuliko yote aliyowaachia wafuasi wake.

Zeus na Marduk hawana tena wa kuudhika kwa wingi. Hali ni nyingine kwa wale ambao bado wanaombwa. Orisha wa Wayoruba, walio chini ya Olodumare, wanaheshimiwa leo Nigeria, Benin, Kuba na Brazil, na Tomi Adeyemi alipowaingiza katika riwaya yake ya mwaka 2018, Children of Blood and Bone, aligusa watu walio hai. Mwandishi wa Unguja anayemtaka Shiva kwa ajili ya ngoma yake ya maangamizi hana haja ya kwenda mbali kuuliza. Hekalu la Wahindu liko Mji Mkongwe, na waumini wake ni majirani.

Lipo pia jambo la karibu zaidi. Neno Mungu ni ndugu wa Mulungu wa Wamijikenda. Waswahili walimtaja Mola wao kwa neno la Kibantu walilolikuta mdomoni. Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile ya mwaka 1969, hakuijaza mbingu: alitosheka na Hongo, pepo wa mto Rufiji, na pepo huyo mmoja akatosha kuwainua watu dhidi ya Wajerumani. Atakayeandika fantasia kwa Kiswahili atakuta kwamba sarufi yenyewe inasita, hata wengine husema miungu wengi na wengine miungu mingi. Na shujaa wake atakapopiga magoti mara ya kwanza, ukurasa wa kumi au wa ishirini, itambidi mwandishi aamue kama herufi ya mwanzo ya jina lile ataiandika kubwa au ndogo.