Deni Langu Ujiji

Mwaka 1975, nikiwa mwalimu kijana, nilipanda garimoshi Tabora pamoja na wanakwaya wenzangu, twende Kigoma kuhubiri Injili katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Tulifika Ujiji tukiwa na Biblia mkononi na majivuno kidogo moyoni.

Siku ya tatu malaria iliniangusha. Mvuvi mmoja Mwislamu, ambaye jana yake nilibishana naye juu ya dini, alinibeba mgongoni hadi zahanati. Jioni mkewe akaleta uji. Yeye aliketi kando ya kitanda changu. Adhana iliposikika alitoka kuswali, kisha akarudi.

Nilipopona alinipeleka penye miembe, mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Wengi husimulia mkutano ule. Mimi humkumbuka zaidi Susi, mtumishi wa Livingstone. Bwana wake alipofariki mwaka 1873, yeye, Chuma na wenzao waliubeba mwili hadi Bagamoyo. Wakati huo Susi alikuwa hajabatizwa. Alibatizwa mwaka 1886.

Tulipoagana nilimwahidi mvuvi yule barua. Sikuandika. Shule, vyeo na familia vilinishughulisha. Niliporudi Ujiji mwaka 1998, mwanawe alinionyesha kaburi. Nilisimama pale sina la kuhubiri.

Baadaye, chuoni, niliwafundisha walimu wengi kwamba imani huonekana kwa matendo. Sikuwaambia nani alinifundisha mimi. Ndugu msomaji, kama una barua ya kumwandikia rafiki, iandike leo.