Noti ikikataliwa dukani, nani atamsemea mama?

Katika soko la Birere, mjini Goma, mama aliyekimbia kwao anatoa noti ya dola yenye kupasuka kidogo pembeni. Muuzaji anaigeuza, anaiangalia kwenye mwanga, kisha anamrudishia. Feza ni ya kweli, lakini siku hiyo hainunui unga. Tangu M23 ilipoingia Goma mwezi wa kwanza 2025, banki zilifungwa, na noti zilizobaki mikononi mwa raia zikazidi kuchakaa. Mwenye feza katika simu naye anakatwa sehemu fulani ili apewe noti.

Mbali na hapo, huko Marekani ambako Wakongomani wengi wamepelekwa kuishi kama wakimbizi, shida ilikuja kwa mlango mwingine. Noti ni nzima kabisa, lakini duka linasema halipokei noti: linataka karte ya banki ao simu peke yake. Wengi wanashangaa kusikia kwamba katika inchi ile hakuna sheria ya serkali kuu inayolazimisha duka kupokea noti. Kila jimbo na kila mji unajipangia. Jimbo la Massachusetts lilikuwa na sheria hiyo tangu 1978, lakini sehemu nyingi hazikuwa nayo.

Mwaka 2019 mabishano yakawaka katika mji wa Philadelphia. Wenye maduka walikuwa na sababu zao: noti zinavuta wezi, zinachelewesha foleni, na kuzihesabu kila jioni ni kazi. Kampuni ya Amazon, iliyokuwa ikifungua maduka yasiyo na mtu wa kupokea feza, iliuambia mji kwamba sheria hiyo inaweza kuizuia kufungua duka pale. Ndivyo kampuni kubwa inavyoshawishi viongozi: haipigi kelele barabarani, inakumbusha tu kazi na duka ambavyo mji unaweza kukosa.

Upande wa pili walikuwa watu wasio na banki. Hesabu ya serkali ya Marekani ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba jamaa karibu milioni 8.4 hazikuwa na konti hata moja, na kati ya watu weusi hali ilikuwa mbaya zaidi. Hao hawana mtu wa kuwatuma kwa meya. Walichokuwa nacho ni washauri wa mji waliowachagua, na safari hii washauri waliwasikiliza. Meya Jim Kenney alitia sahihi mwezi wa pili, na sheria ikaanza tarehe 1 mwezi wa saba 2019. Duka linalokataa noti linaweza kutozwa hadi dola 2.000. Jimbo la New Jersey likapitisha yake mwaka uleule, na baraza la mji wa New York likafuata mwanzo wa 2020. Amazon yenyewe, ilipofungua duka lake la namna hiyo New York mwezi wa tano 2019, ilikubali kupokea noti.

Kwa hiyo kampuni kubwa inaweza kubadilisha msimamo, kama mnyonge ana mtu wa kumsemea na kuna serkali ya kusimamia sheria. Kuchagua feza gani itapokelewa ni kuchagua pia nani ataingia dukani. Mwenye duka anaona karatasi mbovu ao foleni ndefu. Anayerudishwa anaona watoto waliomngoja nyumbani.

Mama wa Birere hana mshauri wa mji wa kumkimbilia. Anakunja noti yake, anaifunga tena katika pembe ya kitenge, na anasogea kwa muuzaji anayefuata. Labda huyu ataipokea, lakini kwa bei ya chini.