Vipepeo wa Pete: safari ya familia kutoka Haneti

Haneti, katika Wilaya ya Chamwino, imekaa kando ya barabara ya kale itokayo Dodoma kwenda Kondoa na Arusha. Mvua yetu ni ya msimu mmoja: huanza Desemba, na ikifika Aprili huwa imekwisha kuaga. Ndani ya miezi hiyo mtama na uwele huchanua, na vipepeo hukusanyika penye matope ya njiani kufyonza chumvi. Baada ya hapo nchi yote hugeuka rangi ya udongo. Mtoto wa kwetu humjua kipepeo kama amjuavyo kumbikumbi: ni mgeni wa masika, na masika yakipita hamtazamii tena.

Kwa hiyo tuliposafiri mwezi wa Agosti kwenda Unguja kuhudhuria arusi ya mpwa wetu, na ami yao watoto akatuambia kuwa kiko kijiji ambako vipepeo huonekana hata kiangazi, watoto hawakulala. Safari yenyewe haina mengi ya kusimulia. Treni ya SGR, iliyoanza kuhudumia Dodoma mwaka 2024, imeisogeza Dar es Salaam karibu. Boti ikatuvusha, na wawili kati yetu wakatapika. Walima ulipokwisha tulipumzika siku moja, kisha asubuhi tukapanda daladala ya kwenda kusini.

Kijiji hicho ni Pete, jirani na msitu wa Jozani wenye kima punju mashuhuri. Kituo cha vipepeo kilifunguliwa hapo mwaka 2008. Anayetarajia jumba la vioo kama yale ya Ulaya atashangaa, kwani hii ni bustani iliyofunikwa kwa wavu juu na pande zote, unaopitisha jua, upepo na mvua, lakini si kipepeo. Ndani mna vijia vyembamba, maua, na ndizi zilizoiva kupita kiasi.

Watoto walimwamkia mtunzaji, mzee mpole mwenye kofia ya viua. Akaitikia, “Marahaba wanangu, piteni, lakini mlango msiuache wazi.” Kisha, badala ya kutupeleka kwenye maua, alitupeleka kwanza kwenye kisanduku cha mbao chenye uso wa chandarua. Ndani yake vining’inia vidogo vilikuwa vimepangwa safu kwa safu, vingine mfano wa jani kavu, vingine kijani kibichi.

Hapo ndipo penye kiini cha kazi yenyewe. Wafugaji wa kijijini hukamata majike wachache na kuwaweka ndani ya vibanda vya chandarua pamoja na mmea unaowafaa. Majike hutaga, mayai huanguliwa viwavi, na viwavi hula usiku na mchana. Kila aina ina mmea wake au jamii yake ya mimea. Mpe kiwavi jani jingine, atakufa njaa na chakula ki mbele yake. Akishakomaa hujifunga ndani ya gamba ambalo vitabu vya shule huliita pupa, na pupa hizo ndizo kituo huzinunua kwa wafugaji. Ajabu ya lugha yetu ni kwamba neno hilohilo ni jina la haraka na tamaa, ilhali kiumbe huyu hutulia hapo siku nyingi, hali wala hanywi. Tukiwa tumesimama, mmoja alipasua gamba lake. Alitoka na mabawa yaliyokunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa, akaning’inia, na polepole yakajaa na kunyooka. Mzee alituonya tusimguse: akianguka kabla mabawa hayajakauka, atabaki kilema maisha yake yote, na maisha yake ni ya wiki chache tu.

Masuala ya picha wanazuoni wamekwisha kuyazungumza kwa marefu, na hatukusudii kuyafungua hapa. Tulikuwa na simu mbili na kamera moja ya kuazima. Dakika za mwanzo zilipotea katika kukimbizana, na simu zikajaa picha za majani matupu. Mzee akatuambia tukae. Kipepeo, alisema, hakimbii mtu bali hukimbia kivuli na mwendo wa ghafla. Basi kaa mahali atakapokuja, jua lisiwe mgongoni mwako hata kivuli chako kikamwangukia, na umsogelee kutoka chini, taratibu, kama amwendeaye kuku anayeatamia. Asubuhi kungali na ubaridi huanika mabawa apate joto, na huo ndio wakati wa kumpiga picha akiwa amekunjua. Jua likipanda hatulii tena. Taa ya kamera tuliizima, kwa kuwa humfanya kipepeo ang’ae kama bati.

Binti yetu wa miaka kumi ndiye aliyewapita wote. Alichuchumaa mbele ya ndizi karibu nusu saa. Picha yake moja inaonesha mrija wa kipepeo, mwembamba kuliko uzi, umezama ndani ya tunda, na juu yake jicho lenye madoadoa. Ukiikuza, huoni rangi iliyopakwa, bali vigamba vidogo vilivyopangwa kama vigae vya paa. Vigamba hivyo ndivyo unga unaobaki kidoleni mtoto anapomshika kipepeo kwa bawa. Kaka yake, ambaye yuko juzuu Amma, aliuliza kama hawa ndio wanaotajwa katika Suratul-Qaria. Neno la Kiarabu lililomo humo, farashi, wafasiri wengi wamelieleza kuwa ni nondo wanaoukimbilia moto, na Waarabu wa leo hulitumia pia kwa vipepeo.

Kisha akapita mmoja mweusi mwenye mabaka ya manjano, na watoto wakapiga kelele kwa pamoja: “Huyu ni wa kwetu!” Hawakukosea. Ni kipepeo wa mndimu, aliyeenea karibu Afrika yote kusini mwa Sahara. Kiwavi wake mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, na kwa hila hiyo adui humpita. Akikua huwa kijani, na ukimgusa hutoa pembe mbili nyekundu zenye harufu kali. Haneti huondolewa kwenye miche ya ndimu na kukanyagwa, na mwenye mche hana lawama. Pete hulishwa.

Tofauti hiyo inatokana na soko. Huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, wanavijiji walianza kufuga vipepeo mwanzoni mwa miaka ya 2000, miaka kadhaa baada ya mradi wa Kipepeo ulioanzishwa Gede, Kenya, mwaka 1993 pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Pupa zilisafirishwa kwa ndege hadi majumba ya maonesho ya Ulaya na Marekani, na mwanakijiji akapata sababu ya kuuacha msitu usimame: mmea wa kiwavi wake umo humo. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na pupa zikaingia katika katazo hilo pamoja na wanyama wakubwa. Kuzuia utoroshaji wa wanyama ni jambo la haki. Lakini kipepeo wa kibandani, ambaye jike mmoja hutaga mayai kwa makumi, si twiga, na kwa maoni yetu hakustahili kuhukumiwa pamoja naye. Pete haikutegemea ndege. Mnunuzi huja mwenyewe kwa daladala, hulipa kiingilio, na huondoka na picha tu.

Tulisali adhuhuri msikitini kijijini, na njia nzima ya kurudi mjini mazungumzo yalikuwa ya nyumbani. Nasi tunayo milima ya Chenene, yenye miti na vipepeo wasiokuwa na kibanda wala mfugaji, na tunayo magunia ya mkaa kando ya barabara. Je, mgeni atashuka Haneti kutazama vipepeo? Kiangazi chetu ni kirefu na wageni wetu ni wapita njia. Bustani kama ile isingepona bila maji ya kisima. Lakini vibanda vitatu vya chandarua katika shule, miezi ya mvua, havihitaji mgeni wala fedha nyingi, na tumekwisha kulisema kwa walimu wawili.

Picha zilizosalia baada ya kuchujwa ni kumi na tisa. Tuliporudi watoto walimwonesha bibi yao moja baada ya nyingine. Kwa wale wa Unguja alisema mashaallah na kupita. Alipofika kwa mweusi mwenye manjano aliishika simu mwenyewe.

“Huyu si ndiye anayemaliza mndimu wangu?”

Ndiye, bibi. Akauliza watu hulipa kiasi gani kumtazama. Tukamtajia kiingilio. Alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akauliza huyo mzee wa Pete huwalisha majani ya mndimu upi, mchanga au mkubwa.