Kulala Hemani Katika Mlima Masaba

Mlima Masaba, ambao ramani nyingi zauita Elgon, umekaa juu ya mpaka wa Uganda na Kenya. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Wagagai, kiko upande wa Uganda, na kimo chake ni mita 4,321. Ni volkano iliyozimika zamani sana, na shimo lake la juu lina upana upatao kilomita 8. Ukitazamwa kutoka Mbale waonekana mpana na mpole, na upole huo umewadanganya wageni wengi.

Njia iliyozoeleka huanzia Budadiri, kati ya mashamba ya kahawa na migomba, hupanda majabali ya Mudangi kwa ngazi, kisha huingia katika msitu wa mianzi. Usiku wa kwanza hulaliwa kambi ya Mto Sasa, mita 2,900, na wa pili Pango la Mude, mita 3,500. Kwenda na kurudi huchukua siku nne. Huko hakuna hoteli wala duka.

Jua la Budadiri humfanya msafiri aone haya kubeba sweta. Lakini joto hupungua nyuzi zipatazo 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na alfajiri pale Mude nyasi huweza kuwa nyeupe kwa sakitu. Blanketi moja halifai kitu. Yatakiwa mfuko mzito wa kulalia, godoro jembamba la sponji chini yake, maana ardhi hunyonya joto la mwili, na nguo za sufu badala ya pamba, ambayo ikilowa haikauki. Tena pawepo jozi moja ya nguo na soksi za kulalia tu, zilizofungwa ndani ya plastiki. Jozi hiyo isiguswe mchana, hata mvua inyeshe namna gani. Kanuni hii huvunjwa kuliko zote, na aivunjaye huijutia usiku uleule.

Baridi hiyo ndiyo huwashawishi watu kuingiza jiko la mkaa hemani. Hilo ni jambo la kuua. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo hujaa ndani ya hema lililofungwa hata aliyelala asiamke tena. Makaa yanayofifia nayo hutoa sumu hiyo. Jiko lilale nje.

Kuhusu chakula, maji ya Mude huchemka kwenye nyuzi zipatazo 88 tu, kwa hiyo maharage makavu yatamaliza mafuta bila kuiva. Heri unga, karanga, na malewa, yaani machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, ambayo Wagisu huyapika kwa mchuzi wa karanga. Ni mepesi begani na matamu mno.

Askari aliyezoea maisha ya kambi aweza kudhani kwamba haya hayamhusu. Ugonjwa wa kimo haubagui kijana hodari na mzee. Pengine humpata hodari kwanza, kwa kuwa yeye hukimbilia juu. Aumwaye kichwa na kutapika asipande zaidi mpaka apone. Ayumbaye kama mlevi au aongeaye ovyo hana budi kuteremshwa mara moja, hata kama ni usiku.

Hema lisipigwe mkondoni mwa maji wala chini ya mteremko uliolowa. Udongo wa mlima huu huporomoka: Machi 1, 2010, maporomoko yalikifukia kijiji cha Nametsi, Bududa, na watu wengi wakafa. Miezi iliyo mikavu zaidi ni Desemba hadi Machi, hata hivyo koti la mvua lisiachwe.

Familia zenye watoto wadogo zapata raha zaidi Sipi, ambako maji huanguka karibu mita 100, na usiku wake si mkali kama wa Mude. Wapandao kileleni hulipa kiingilio na kuongozana na askari wa hifadhi. Atakaye kuteremkia upande wa Kenya sharti akamilishe hati zake za kuvuka mpaka kabla ya kuondoka Mbale, kwani juu kule hakuna ofisi ya kugonga muhuri.