Hii ndiyo Kihesa, hata sebule ina rangi ya jabali!

Mtu wa Dar es Salaam akisikia unakwenda Iringa, kwanza atakwambia ubebe sweta. Pili atakuagiza gunia la viazi, au nyanya za Ilula kama basi litasimama. Hakuna atakayekwambia utazame mawe.

Mimi nakwambia tazama mawe. Ukishapanda kile kilima kutoka Ipogolo na kuingia mjini, kila unakogeuza macho kuna majabali yamekalia vilima utadhani kuna mtu kayapanga. Linalojulikana zaidi ni Gangilonga, kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, ambako wageni hupelekwa jioni kuuangalia mji. Lakini mawe hayakuishia hapo. Nenda Kihesa, upande wa barabara ya Dodoma, njia ya kwenda uwanja wa ndege wa Nduli, utayakuta mpaka uani kwa watu. Mama anaanika nguo juu yake, watoto wanateleza, na mwenye kiwanja anajenga nyumba kwa kulizunguka, maana kulivunja ni kazi na gharama.

Kihesa ya leo ni ya wapangaji. Kuna Chuo Kikuu cha Iringa, ambacho wakubwa bado wanakiita Tumaini, na kuna Mkwawa, sekondari ya zamani iliyogeuzwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2005. Vijana wakija na mabegi yao wanataka chumba, umeme na maji. Ndiyo maana karibu kila nyumba ina vyumba vya nyongeza nyuma. Nyumba zenyewe ni za matofali ya kuchoma, na zilizopigwa lipu utazijua kwa sare yao: juu krimu au nyeupe, chini ukanda wa damu ya mzee. Usidhani ni urembo. Mvua ikipiga, udongo mwekundu wa huku unaruka mpaka usawa wa goti, na damu ya mzee inauficha.

Basi bwana, mwezi Julai mwaka jana nilifikia kwa shangazi yangu, mwalimu mstaafu, mjane wa miaka miwili. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, kamwene, ingia ndani baridi hiyo." Nikaingia. Nikasimama.

Sebule nzima, kuta zote nne, ilikuwa ya kijivu. Tena si kile kijivu cheupecheupe cha ofisi za serikali. Hiki kilikuwa kizito, chenye ukahawia ndani yake, kama jabali lililopigwa na jua la saa kumi na moja jioni. Kwa sekunde chache nilidhani nimekosea nyumba. Halafu nikaona viti vilevile, vitambaa vyeupe vilevile alivyofuma mwenyewe, na picha ya marehemu mjomba pale juu. Ajabu ni kwamba sikuwahi kuiona picha ile vizuri kama siku hiyo.

Kabla sijamaliza chai nikapewa kisa chote. Binamu yangu aliyeko Dar alituma pesa za ndoo mbili za rangi nyeupe. Nyumba ipakwe yote, ing'ae, wateja wakija waipende. Maana mpango ulikuwa nyumba iuzwe, mama ahamie mjini kwa wajukuu. Shangazi alijibu sawa kwenye simu. Kesho yake akaokota jiwe uani, akalifunga kwenye kanga, akaenda nalo dukani.

"Nilimwambia fundi, nipe hii."

Fundi akacheka, lakini kazi ni kazi. Mara ya kwanza alichanganya nyeupe na nyeusi tu. Ikatoka rangi ya chuma, inayoelekea bluu, na kwa baridi ya Julai ukiitazama unatamani blanketi. Hapo ndipo wengi wanapokosea na kusema kijivu ni rangi ya baridi. Kijivu ni kama chai, inategemea umetia nini. Shangazi akamwagiza aongeze damu ya mzee kidogo na njano ya udongo kidogo, kijiko kwa kijiko. Rangi ikapata joto. Wakapaka kipande cha hadibodi, wakakiacha kikauke, maana rangi ya maji ikikauka huwa nzito kuliko ilivyokuwa kwenye ndoo. Kisha akazunguka nacho sebuleni asubuhi, mchana, na usiku chini ya taa.

Hiyo ya taa usiidharau, msomaji. Shangazi alikuwa na ile balbu nyeupe kali, na chini yake kijivu kiligeuka kama sementi mbichi. Akabadilisha akaweka yenye mwanga wa njano, ukuta ukatulia.

Kuna na jambo la dirisha. Sebule ile inatazama kusini. Juni na Julai jua letu huku linapita upande wa kaskazini, hivyo chumba kama kile hakionji jua miezi ya baridi. Kila mtu alimshauri apake nyeupe ili kupate mwanga. Alishawahi, miaka yote ile, na nyeupe isiyopata jua inapauka, inakuwa kama wodi. "Nikasema kama chumba ni cha kivuli, basi kiwe cha kivuli kweli." Dari tu ndiyo aliiacha nyeupe, na milango ya mbao akaipiga vanishi.

Mnaotaka kuiga, sikilizeni. Changanya rangi yote kwa pamoja kwenye chombo kimoja kabla fundi hajagusa ukuta, kwa sababu ikiisha katikati hakuna atakayeipata tena ile ile. Lipu ikiwa mpya, iache ikauke kama wiki nne, la sivyo chumvi itatoka na rangi itabanduka. Na rangi nzito inaonyesha kila kovu, hivyo msasa kwanza. Shangazi alipiga mikono mitatu, ndoo ya lita 20 ikabaki kama dumu la lita tano.

Majirani je? Wee! Wanajumuiya walikuja kusali Jumatano wakawa wanaangaliana. Mmoja alisema eti rangi ya majivu inaita msiba. Mwingine, bibi mtu mzima, akapapasa ukuta akasema ni kama jikoni kwa mama yake, kule walikokuwa na tembe, moshi wa kuni umeshika ukuta mpaka unang'aa. Shangazi alifurahi kuliko kama angesifiwa.

Kilichobaki ni kupamba, na hapo aliniudhi kwa kunipandisha kwenye stuli siku nzima. Vikapu vya Iringa, vile vya milulu, alivitundika vitano ukutani. Dukani kwa watalii vikapu hivyo havionekani cha maana, vimerundikwa. Juu ya kijivu kile, unjano wa milulu uliwaka.

Siku iliyofuata mpangaji mmoja, mwanafunzi, alinipeleka Igeleke, si mbali na hapo, kwenye michoro ya kale ya miambani. Watu na wanyama kwa rangi nyekundu, chini ya jabali lililojiinamia kama paa. Waliochora hawakupaka jiwe zima. Waliacha kijivu kiwe kijivu, wakaweka wekundu kidogo pale walipotaka jicho liende. Nilipomsimulia shangazi, hakusema kitu. Jioni nikakuta mto mmoja mwekundu kwenye kochi, mmoja tu.

Jumamosi binamu akatua. Alikuwa na mtu wa kuja kuiona nyumba Jumatatu. Akaingia sebuleni, akasimama palepale niliposimama mimi.

"Mama, hii rangi itafukuza wateja."

"Wateja gani?" shangazi akauliza, akaenda zake jikoni kutazama ugali.

Binamu akakaa. Alitazama vikapu, akatazama picha ya baba yake muda mrefu. Mimi nikajifanya nasoma gazeti. Tulikula kimya, maharage na mboga ya maboga, na hakuna aliyemtaja mtu wa Jumatatu. Usiku nilimsikia barazani anaongea na simu, anasema, "Hapana ndugu yangu, tusubiri kwanza."

Jumapili alfajiri nilikuwa nafunga begi niwahi basi. Korido ilikuwa bado nyeupe tangu enzi za mjomba. Nikasikia kitu kinateleza ukutani, kinapanda, kinashuka. Nikachungulia. Binamu, kavaa shati bovu la baba yake, lile dumu la lita tano liko miguuni, na rola mkononi.

"Umepiga msasa?" shangazi alikuwa anamuuliza kutoka chumbani.