Kula Nako ni Kupona



Neno letu liko Marko 5, habari za binti wa Yairo. Msichana wa miaka 12 amekufa, nyumba imejaa kilio, Yesu anamshika mkono naye anainuka na kutembea. Hapo ndipo shangwe huanza na Biblia hufungwa. Lakini soma mpaka mwisho wa sura. Watu wakiwa bado wameduwaa, Bwana anaagiza mtoto atafutiwe chakula. Yeye aliyemtoa mautini hakuona jambo la jikoni kuwa dogo.

Leo nasema na wewe uliyetoka hospitali ukiwa na tundu tumboni, ambalo madaktari wanaliita stoma, na mfuko juu yake. Nasema pia na wewe unayempikia mtu kama huyo. Jumatatu kanisa linaanza wiki ya kufunga na kuomba, na sitaki mmoja wenu aumie akidhani Mungu anadai tumbo lake liwe tupu.

Ushuhuda wangu mnaujua. Homa ya matumbo ilitoboa utumbo wangu, nikapasuliwa usiku, na nilipozinduka nilikuwa na ileostomia, yaani utumbo mwembamba umetolewa nje kupitia ngozi ya tumbo. Miezi saba nilihubiri na mfuko chini ya shati, kabla madaktari hawajaunganisha utumbo tena. Wengine hufikia hapo kwa saratani, kwa utumbo kujisokota, kwa ajali, na wapo watoto wanaozaliwa bila njia ya haja kubwa. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo laana. Mfuko ule ndio Mungu aliotumia kuniacha hai.

Niliogopa kisu, lakini jaribu kubwa lilikuja baadaye, nalo lilikuwa sahani. Ukila, mfuko unajaa. Ukijaa, unahofia sauti, unahofia harufu, unahofia utavuja ndani ya feri watu wakiwa wamebanana. Ndipo adui anakunong'oneza: usile, utakuwa salama.

Kuna dada yetu mmoja, ameniruhusu niseme bila kumtaja. Kila Jumamosi mchana alikuwa anaacha kula ili Jumapili aje ibadani mfuko ukiwa mtupu. Jumapili moja akaanguka katikati ya sifa. Waliokuwa karibu walidhani amezidiwa na Roho. Ilikuwa njaa, na mwili uliokaukiwa maji na chumvi.

Sikia, mpendwa. Utumbo mpana ndio unaofyonza maji na chumvi nyingi kabla ya haja kutoka. Kwa mwenye ileostomia, chakula hakipiti huko tena. Anapoteza maji na chumvi kila siku, na kwa joto letu la pwani anapoteza zaidi kwa jasho. Kuacha kula hakumsaidii. Huongeza gesi na udhaifu. Na kunywa maji matupu kwa wingi hakurudishi chumvi. Madafu ni mazuri, lakini yana sodiamu kidogo, hayatoshi peke yake. Weka pakiti za ORS nyumbani. Zikikosekana, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko visizidi ukingo, koroga, unywe kidogo kidogo.

Sasa, chakula kinarudije? Tazama Eliya katika 1 Wafalme 19. Amelala chini ya mti, amechoka mpaka anaomba afe. Malaika hakuanza kwa mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena. Kidogo, pumziko, halafu tena. Hivyo ndivyo tumbo lililopasuliwa linavyorudishwa mezani.

Wiki 6 hadi 8 za kwanza utumbo bado umevimba. Kula vilaini visivyo na makapi: uji wa mchele, wali mweupe uliolainika, viazi vya kuponda, mkate mweupe, yai, kuku, samaki aliyetolewa miiba, ndizi mbivu. Kula mara 5 au 6 kwa siku, sahani ndogo. Tafuna mpaka chakula kiwe kama uji, maana kwa sasa meno yako yanafanya kazi ya ziada. Chakula cha jioni kiwe mapema, ili usiku usikuamshe mara nyingi.

Baada ya hapo, rudisha chakula kimoja kwa wakati mmoja. Onja kidogo, ngoja siku 2 au 3, uone mwili unasemaje. Mama Mchungaji alinunua daftari la shule akaandika tarehe, chakula na kilichotokea. Daftari lile lilitufundisha mengi. Mbaazi zilirudi wiki ya kumi, vijiko viwili, nami nikazitafuna mpaka watoto wakacheka. Zilileta gesi tu, basi tukajua ni chakula cha siku ya kukaa nyumbani. Viazi vitamu vilirudi bila neno. Kabichi na vitunguu tuliviacha vingoje.

Sisi wa pwani tuna jambo letu la nazi. Nyama ya nazi na machicha yake ni nyuzinyuzi zinazoweza kuziba ileostomia. Tui lililochujwa vizuri ni jambo jingine, ila lina mafuta, kwa hiyo anza na kijiko. Vya kuogopa zaidi ni mahindi ya kuchoma, bisi, korosho, njugu, maganda ya matunda na nyuzi za embe. Hata pweza, mkate kwanza na mtafune sana. Si lazima uviage vyote milele. Watu wengi huvirudia vingi polepole, kwa ushauri wa muuguzi au mtaalamu wa lishe. Na ukila bitiruti ukaona wekundu mfukoni, usipige kelele, mara nyingi ni rangi yake tu.

Mwenye kolostomia, yaani iliyotoka kwenye utumbo mpana, njia yako ni pana kidogo. Wengi hurudia karibu kila chakula, na kwako shida huwa zaidi kufunga choo. Basi baada ya majuma ya mwanzo ongeza mboga, matunda na maji hatua kwa hatua.

Lakini nisikilize hapa. Mfuko ukikaa saa kadhaa bila kitu ilhali wewe ni wa ileostomia, tumbo likiuma kwa kukaza, likivimba, ukaanza kutapika, usiningoje mimi nije kukuwekea mikono. Nenda hospitali, nami nitakuombea ukiwa njiani. Vilevile mfuko ukijaa maji matupu mara nyingi kuliko kawaida, kizunguzungu kikaanza na mkojo ukawa kidogo na mweusi, nenda.

Ninyi mnaotembelea wagonjwa, Mungu awabariki kwa vyombo mnavyobeba. Kabla ya kupika, uliza: ndugu, umefikia chakula gani? Akikuambia, "Asante mama, hiki bado," usione anaringa. Na asiwepo wa kumwambia avue mfuko kwa imani. Imani haikatai alichokifanya daktari ili mtu aishi.

Kuhusu Jumatatu, nasema kama mchungaji wako: mwenye stoma hafungi chakula wala maji. Wewe toa kitu kingine, simu, televisheni, usingizi wa alfajiri. Saa sita sisi tukiwa magotini, wewe kaa mezani, kula uji wako kwa shukrani, na uhesabu kijiko hicho kuwa sehemu ya maombi. Kwako wewe, juma hili kula ndio utii.

Na Jumapili njoo ukiwa umekula. Mwaga mfuko kabla ya kutoka nyumbani, na usingoje upite nusu ndipo uumwage tena. Choo kilicho nyuma ya madhabahu sasa kina kitasa, ndoo ya maji na ndoano ya kutundikia mkoba. Muombe shemasi ufunguo. Hatakuuliza sababu.

Baba, mkumbuke kila aliyeketi mbele ya sahani leo akiogopa mwili wake mwenyewe. Mwondolee aibu. Mpe jirani atakayempikia kwa upole, na umpe uvumilivu wa kijiko kimoja, kisha kingine. Kwa jina la Yesu, amina.

Kama ni wewe, niandikie inboksi. Kama unamjua, mpelekee ujumbe huu, halafu mpelekee na uji.