Moyo ni Msuli, na Mungu ni Mungu



Katika Kiswahili chetu cha Kongo, neno «roho» hubeba mizigo miwili. Husema roho isiyokufa ambayo Mungu humjalia mwanadamu, na pia husema kile kiungo kinachopiga kifuani tunapoogopa au tunapopanda mlima. Kwa kawaida mizigo hiyo haigongani. Mwaka huu imegongana katika parokia yetu, na mtu ameumia.

Kijana mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa biolojia, aliwasimulia wenzake namna walivyopasua moyo wa mbuzi katika maabara ya chuo kikuu. Aliwaeleza vyumba vyake vinne, na vile vijilango vinavyozuia damu isirudi ilikotoka. Kisha akamaliza kwa kusema: «Nilitafuta roho, sikuiona.» Baadhi walicheka, mmoja akamwita mpagani mbele ya wote. Tangu siku ile hajaonekana tena katika kwaya. Na wadogo wanaomaliza shule ya sekondari sasa wanaambiana kwamba anayetaka kulinda imani yake asichague biolojia.

Ninaandika kwa sababu ya hao wadogo, na kwa sababu yake yeye pia. Masomo hayo niliyapitia nilipokuwa ninaandaliwa kuwa mwalimu. Tulikuwa na somo la fiziolojia, linaloeleza namna mwili wa mnyama unavyopumua, unavyomeng'enya chakula na kusafisha damu. Na somo la embriolojia, linalofuata chembe moja hai hadi iwe mnyama kamili. Chuo chetu hakikuwa na mashine ya kuangulia mayai. Tuliazima kuku aliyekuwa akiatamia, tukaandika tarehe juu ya kila yai, na kila baada ya siku chache tukafungua moja ndani ya sahani.

Yai la siku ya kwanza halimwonyeshi mengi mtu asiyezoea. Lakini siku ya pili inapokaribia kwisha, juu ya kiini cha manjano hutokea nukta nyekundu inayorukaruka. Huo ni moyo. Unapiga kabla mshipa wowote wa fahamu haujaufikia, na kabla kifaranga hakijawa na bawa wala mdomo. Mwalimu wetu alikataa ripoti yoyote iliyochora kilichomo kitabuni badala ya kilichomo sahanini. Alitaka tuandike tulichokiona, hata kama ni kidogo. Nidhamu hiyo ilinifaa baadaye katika ukatekista: mtu asiseme zaidi ya alichopewa kuona, wala asifiche alichokiona.

Sasa niwajulishe mtu mmoja. Niels Stensen, ambaye wengi humwita Steno, alizaliwa Copenhagen, Denmark, mwaka 1638, katika familia ya Kilutheri. Alipokuwa kijana wa miaka 22 hivi, akipasua kichwa cha kondoo, aligundua mfereji unaopeleka mate kinywani. Hadi leo madaktari wanauita kwa jina lake. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba moyo ni jiko la joto la uhai, kiungo kisichofanana na kingine chochote. Steno aliuchunguza uzi kwa uzi, na mwaka 1664 akaandika wazi kwamba moyo ni msuli, umejengwa kwa nyuzi kama msuli wa mguu.

Je, alipoteza imani? Mwaka 1667, miaka mitatu tu baada ya maandishi hayo, aliingia katika Eklezya Katolika. Mwaka 1675 akapewa upadri, mwaka 1677 uaskofu, na akafariki mwaka 1686 akiwa maskini kwa hiari yake. Tarehe 23 Oktoba 1988 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri. Mtu aliyeuambia ulimwengu kwamba moyo ni msuli leo anaheshimiwa altareni.

Ndugu yetu mwanafunzi alisema kweli: hakuiona roho. Hakuna kisu kinachoweza kuionyesha. Ukipasua ngoma utakuta ngozi na mti. Wimbo hutaukuta, lakini hilo halimaanishi kwamba watu hawakucheza jana. Maabara ilimjibu vizuri swali lake la maabara. Swali lingine lilihitaji njia nyingine, na wenzake walikuwa na nafasi ya kutembea naye katika njia hiyo. Walimpa tusi.

Hofu ya wenzake nayo ina hatari yake. Tukiwafundisha watoto kwamba Mungu yumo moyoni kwa sababu hatujui moyo unapigaje, tumempa Mungu nyumba ya udongo katika majira ya mvua. Siku mtoto atakapofundishwa kwamba kifundo kidogo katika chumba cha juu cha kulia ndicho kinachotoa ishara ya kila pigo, atadhani Mungu amehama. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba Mungu ni chanzo cha kwanza, na kwamba viumbe navyo ni vyanzo vya kweli kwa uwezo vilivyopewa naye. Basi anayejifunza kazi ya kifundo kile hamnyang'anyi Muumba kitu.

Tena elimu hii hulisha watu. Steno huyo huyo, mwaka 1664, alieleza namna kiini cha yai kinavyopita na kuingia katika utumbo wa kifaranga. Kabla ya kuanguliwa siku ya 21, kifaranga huvuta mabaki ya kiini ndani ya tumbo lake, nayo humlisha kwa siku mbili au tatu. Ndiyo maana vifaranga vya siku moja husafirishwa katika makartoni, bila punje moja ya chakula, na kumfikia mama mfugaji vikiwa hai. Kuna watoto kati yetu wanaolipiwa shule kwa kuku hao. Nchi yetu inahitaji waganga wa mifugo, wauguzi na walimu wanaojua mambo haya, na ingefaa baadhi yao watoke katika vikundi vyenu.

Kwa hiyo ninawapa kazi. Tafuteni kuku anayeatamia, na siku ya saba mwazime yai moja jioni. Zimeni taa, kisha wekeni tochi ya simu kwenye upande mnene wa yai. Ikiwa yai lina uhai, mtaona mishipa myekundu imetanda kama mizizi, na katikati doa jeusi linalotikisika. Anayesoma biolojia aeleze, na katekista anyamaze asikilize. Yai lirudishwe upesi kwa mama yake kabla halijapoa. Halafu fungueni Zaburi ya 139 na kuisali polepole, bila mahubiri.